Jibini za Jumatatu

Jumapili, 1 Februari

Leo asubuhi, kati ya saa tatu na saa tatu na nusu, nimepoteza jibini tisa. Zote. Sikuibiwa wala sikuangusha. Nimezikata mwenyewe kwa kisu, moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa imeoza katikati. Nje ngumu, ndani uji. Hata paka alinusa akaondoka.

Lita mia na themanini za maziwa. Wiki sita. Lita ishirini hutoa jibini moja ya kilo mbili, kwa hiyo leo nimefukia kilo kumi na nane nyuma ya nyumba kwa jembe la kuazima.

Chanzo nakijua. Nilikuwa nakandamiza kwa matofali. Kalibu yangu ni kipande cha bomba nene la plastiki. Ndani maziwa yaliyoganda, juu kibao, juu ya kibao matofali manne. Nikigeuka tu, matofali yanalala upande. Upande mmoja unakamuka, wa pili unabaki na maji yake, na jibini iliyobaki na maji ndani inaoza. Hilo halina mjadala. Nimeosha matangi ya kiwanda cha maziwa miaka kumi na moja. Hakuna aliyenifundisha kitu pale; nilijifunza kwa kuchungulia mabegani mwa watu. Kiwanda kikahama, nikabaki na nilichochungulia.

Kaka alikuja akasimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Pole," akasema. "Sasa, hiki chumba..."

"Chumba kina nini?"

"Kuna mwenzangu kazini anatafuta pa kukaa. Nimemwambia tutaona."

"Na mimi uliniambiaje mwezi wa kumi na mbili?"

"Nilikwambia tutaona."

Ndivyo alivyo. Nyumba aliyoacha baba iko mikononi mwake, na mikono yenyewe iko mfukoni. Nikambana. Akasema nikimwonyesha jibini moja iliyosimama kabla ya mwisho wa Aprili, basi. "Basi nini?" nikauliza. Alikuwa ameshafika barabarani.

Chumba cha nyuma ndicho pekee chenye kuta nene na kisichopigwa na jua. Bila chumba hiki sina jibini. Nikikosa jibini, nitabaki mwanamke wa miaka arobaini na sita anayefunga mikate kwenye kiwanda cha watu, zamu ya saa tisa mchana hadi saa mbili usiku, hadi mgongo ukatike.

Jumatatu, 2 Februari

Joto. Sikukaa chini siku nzima.

Jumatano, 4 Februari

Nimepata. Somo la darasa la sita: wenzo, egemeo, mzigo. Mwalimu alinichapa kwa somo lile, sasa linanilipa. Ubao mrefu ukifungwa ukutani kwa upande mmoja, ukalaliwa na uzito kwa upande wa pili, kilicho katikati hakina pa kukimbilia, na ukuta hauinami kama matofali.

Jumanne, 10 Februari

Fundi seremala amekuja. Alizunguka chumba mara mbili akipapasa kuta kama daktari.

"Dada, hiki ni cha kukamua nini hasa? Mafuta au mashahidi?"

"Jibini."

"Ningejua ningeleta mkate."

Tumechukua mbao ya mbili kwa nne, sentimita mia na thelathini. Upande mmoja tumeufunga ukutani kwa bawaba nene na bolti mbili zilizozama inchi nne. Sentimita thelathini kutoka kwenye bawaba ndipo inapokaa kalibu. Sentimita mia na ishirini ndipo unaponing'inia mzigo. Mia na ishirini gawanya kwa thelathini ni nne. Kilo ishirini za maji zikining'inia pale, jibini inabeba themanini. Nilimwonyesha fundi kwenye karatasi, akatikisa kichwa.

"Bolti zikishaingia hivi, dada, huu ubao na huu ukuta ni mke na mume. Ukihama, hauendi nao."

"Sihami," nikamwambia.

Kaka aliporudi alichungulia, akacheka. "Umetega panya wa saizi gani?" Toka leo nyumba nzima inauita mtego.

Alhamisi, 12 Februari

Nilihitaji ndoo yenye mpini imara na mistari ya lita. Ipo moja tu humu ndani: ile nyeupe yenye koki, iliyokuwa juu ya stuli jikoni. Nimeiosha, nimeijaza hadi mstari wa ishirini, nimeitundika. Imetulia usawa wa kiuno changu, haitikisiki.

Wifi alikuwa jikoni akimenya vitunguu. Wifi ni mke wa kaka, fundi cherehani, na mdomo wake ni mkasi.

"Hiyo ni ndoo ya Mama," akasema.

"Mama atachota kwenye pipa kama sisi wote."

Akaendelea na vitunguu vyake.

Ijumaa, 13 Februari

Maji yametoka alfajiri. Siku hizi yanatoka Jumanne na Ijumaa tu, tunajaza pipa la uani hadi mdomoni. Maziwa nayo yamekuja: mfugaji wa mtaa wa pili ataniletea lita ishirini kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Namba 1 imeingia kwenye mtego saa nane mchana. Nitaitoa kesho saa mbili asubuhi. Saa kumi na nane kamili.

Jumamosi, 14 Februari

Namba 1: gramu 2,040. Mviringo, kavu, kingo kali kama sahani. Nimeishika kama mtoto wa mtu mwingine, kwa woga.

Jumanne, 17 Februari

Namba 2: gramu 2,330. Kwa nini?

Alhamisi, 19 Februari

Namba 3: 2,050. Sawa. Ile ya juzi labda nilipima vibaya. Lakini mimi sipimi vibaya.

Jumamosi, 21 Februari

Namba 4: 2,035. Vumbi kila mahali. Mama analalamika miguu imevimba kwa joto.

Jumanne, 24 Februari

Namba 5: 2,360.

Nimetoka nje, nimezunguka nyumba, nimerudi, nimepima tena. 2,360. Ndoo ilikuwa palepale kwenye tundu lake. Maji yalikuwa palepale kwenye mstari wa ishirini, bila kupungua hata kidole. Maziwa ni yaleyale, ya ng'ombe walewale. Gramu mia tatu za maji zimebaki ndani ya jibini na hakuna sababu hata moja.

Jumamosi, 28 Februari

Namba 6: 2,045. Namba 7: 2,040.

Nimezipanga zote rafuni kwa mstari na kuzitazama hadi macho yakauma. Mbili na tano. Zote mbili ziliingia kwenye mtego siku ya Jumatatu.

Je, nani hukaa nyumbani Jumatatu? Kaka yuko kazini. Mimi saa tisa niko kwenye mikate. Mama yupo siku zote, lakini Mama ana miaka sabini na nne na fimbo, kuinama kwenyewe hawezi. Duka la cherehani hufungwa Jumatatu.

Wifi.

Jumapili, 1 Machi

Nimekata kipande cha namba 2. Katikati kumelowa, kuna vishimo, ulimi unachoma. Mwezi mzima tangu zile tisa, nimerudi kulekule.

Wakati wa chakula cha mchana kaka alisema mwenzake ameuliza tena kuhusu chumba. Wifi akasema, "Mpe jibu mwenzako basi, mtu asiishi na mabegi mlangoni." Nilimwangalia. Alikuwa anakata mkate bila hata kupepesa.

Jumanne, 3 Machi

Nimemshika.

Sikusubiri saa mbili. Saa moja asubuhi, maji yakiwa yametoka, nilisukuma mlango wa chumba cha nyuma. Wifi alikuwa amefunua kifuniko cha ndoo yangu, anamimina maji kwa jagi.

"Umepatikana," nikasema.

"Na nini? Jagi?"

"Jana umeyapunguza, leo unayarudisha ili nisione."

"Kwa hiyo Jumatatu yangu ya kupumzika naitumia kunyonya ndoo yako. Nina kiu ya ajabu mimi."

"Unataka chumba kiende kwa huyo mwenzake mumeo."

Akaliweka jagi chini taratibu. "Wifi, sema yote umalize. Nikitoka hapa sirudi kukusikiliza."

Nikasema. Nikasema na mengine yasiyohusu jibini. Kwamba aliingia nyumba hii na sanduku moja la kamba, na leo anagawa vyumba vya baba yangu. Kwamba mwenye kazi ya kukata na kushona asiguse kazi asiyoijua. Nilikuwa nasikia sauti yangu ikipanda na sikuweza kuishusha.

Yeye alitazama upande wa chumba cha Mama, ambako redio ilikuwa inaongea peke yake. Akanitazama mimi.

"Haya," akasema. "Ni mimi. Umeridhika?"

Namba 8: 2,345.

Jumatano, 4 Machi

Hatuongei. Nimemwambia kaka kila kitu. Akasema, "Tutaona."

Alhamisi, 5 Machi

Namba 9: 2,050. Hatuongei.

Ijumaa, 6 Machi

Kila mtu anampita mwenzake kama anayepita nguzo. Nimekuta shati langu la kazi limeshonwa kifungo kilichokuwa kimekatika. Sikuuliza. Namba 10 imeingia.

Jumapili, 8 Machi

Jambo moja halikai sawa kichwani. Mtu anayetaka jibini ioze, kwa nini anarudisha maji hadi mstarini, tone kwa tone, kwa jagi? Angeng'oa bolti moja tu. Nimeuliza ukuta, ukuta umenyamaza.

Kesho ni Jumatatu. Nimebadilishana zamu. Nitakaa humo ndani na mlango nitauegesha.

Jumatatu, 9 Machi

Naandika haya nikiwa bado nimekaa juu ya debe, kwenye kona ya chumba cha nyuma.

Namba 11 iliingia saa nane. Nikakaa kwenye kona nyuma ya rafu. Saa tisa, kimya. Saa tisa na nusu, nzi mmoja. Saa kumi kasoro, nikasikia fimbo. Tok. Tok. Nyayo, na fimbo.

Mama aliingia na kikombe chake cha bati mkononi na beseni dogo kwapani. Akasimama mbele ya mtego, akaegemeza fimbo ukutani, akafungua koki. Hakuinama hata kidogo. Ndoo iko usawa wa kiuno. Akajaza kikombe, akameza vidonge vyake, akajaza tena, akanywa. Halafu akaweka beseni chini ya koki, juu ya kigoda kile ninachokalia wakati wa kufunga kitambaa cha jibini, akaacha maji yatiririke. Nilikuwa nahesabu kwa sikio. Nusu lita, lita, mbili, tano, saba. Ubao ulipanda kidogo, nikauona kwa macho yangu. Kilo themanini zikawa hamsini na mbili.

Akakaa ukingoni mwa rafu, akatumbukiza mguu mmoja. Ndipo akaniona.

"Wewe! Unafanya nini kwenye kona kama popo?"

"Nimepumzika, Mama."

"Pumzika, unafanya kazi sana." Akatumbukiza na wa pili. "Mwanangu, tangu siku ile nilitaka kukushukuru nikawa nasahau. Ulipoiondoa ndoo yangu jikoni nilikasirika, Mungu anisamehe. Nikasema huyu mtoto ananitaka niinamie pipa na mgongo huu? Pipa likiwa limejaa nafika, likishuka nusu sifiki. Kumbe ulikuwa unanitengenezea pahala pake. Na ubao, na bawaba! Nimemwambia mkwe wangu, umeona, amemwita na fundi."

Nikaitazama koki, halafu ubao.

"Na huyu mkwe wangu anaijaza kila Jumanne kabla hujaamka," Mama akasema. "Nilimwambia mwache mwenyewe ajaze, akasema Mama, mwenyewe anachoka."

Pipa hujaa Ijumaa. Ijumaa Mama anafika. Jumatano anafika, kwa sababu ya maji ya Jumanne. Jumatatu, siku ya tatu, pipa liko nusu. Hesabu ilikuwa mbele yangu muda wote, na mimi nilimhesabu wifi.

Jumanne, 10 Machi

Namba 11: 2,350. Nimeiandika kwa sababu ni yangu. Makosa yangu, kwa gramu.

Nimekwenda dukani kwa wifi kabla ya zamu. Alikuwa anapinda suruali ya mtu, sindano mbili mdomoni.

"Ulijua," nikasema.

Akatoa sindano. "Tangu wiki ya kwanza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungefanya nini? Ungemwendea Mama umwambie, Mama, ule mtambo si wako, ni wa jibini. Nakujua. Ungemwambia na vipimo." Akakanyaga cherehani, akaiacha. "Mama ana furaha na kile kiubao, wifi. Anamwonyesha kila mgeni. Mimi nikasema, maji ya jagi moja hayatamuua mtu."

"Lita saba."

"Haya, lita saba."

"Nilikutukana kwa ajili ya sanduku."

"La kamba. Ulisema la kamba. Lilikuwa na zipu."

Nilisimama pale, mikono haina kazi. Akaniangalia, akavuta kiti kwa mguu.

"Kaa basi. Nishikie huu upindo, umechelewa kazini hata hivyo."

Nikashika upindo.

Jumatano, 11 Machi

Fundi amerudi. Mchanga mkavu ni mzito kuliko maji: ndoo ya chuma ya lita ishirini imetoa kilo thelathini na mbili kwenye mizani. Thelathini na mbili mara sabini na tano, gawanya kwa thelathini, ni themanini kamili. Tumetoboa tundu jipya kwenye sentimita sabini na tano. Mchanga haunyweki.

Ndoo nyeupe ya koki imepata rafu yake ukutani, hatua moja kutoka kwenye mtego, usawa wa kiuno cha Mama. Fundi alimpima Mama kwa futi kamba kama anampimia gauni.

"Hii nyingine ya nini?" Mama akauliza, akionyesha ndoo ya mchanga.

"Hiyo ya jibini, Mama. Yako ni hii."

"Umenijengea ya pili?"

"Ndiyo," nikasema. Na safari hii ilikuwa kweli.

Jumanne, 17 Machi

Namba 14, ya Jumatatu: 2,045.

Nimeipima mara nne.

Jumatatu, 23 Machi

Wingu jeusi saa kumi, halafu hakuna kitu.

Ijumaa, 27 Machi

Mvua. Mabati yanapiga kelele, hatusikiani. Wifi alinifundisha kufunga kitambaa cha kalibu kwa mkunjo wa fundi cherehani, na jibini haina tena kovu pembeni. Alinicheka wiki sita zote nilizofunga kama mtu anayefunga mguu uliovunjika.

Jumamosi, 4 Aprili

Mvua. Chumba cha nyuma hakivuji. Wifi anageuza jibini asubuhi, mimi jioni. Nimemwachia ufunguo mmoja.

Jumapili, 12 Aprili

Mwenzake kaka amekuja. Mtu mpole, viatu vyake alivivua mlangoni bila kuambiwa, na hilo liliniudhi zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Alitoa futi kamba.

"Kitanda changu ni futi tano kwa sita," akasema. "Kitaingia. Ila hili dude mtalitoa lini? Mimi nahamia Jumapili ya tarehe ishirini na sita."

Nikageuka kwa kaka. "Tarehe ishirini na sita?"

Kaka alikuwa anaangalia dari kana kwamba dari ndiyo imeulizwa.

"Kaka alinihakikishia," mgeni akasema, akitutazama mmoja mmoja.

"Nilisema tutaona," kaka akasema.

Mama akaingia na kikombe chake. Tok, tok. Akamsalimia mgeni, akafungua koki, akanywa, akamwambia, "Umeona pahala pangu? Mwanangu kanitengenezea." Mgeni akakunja futi kamba yake polepole.

Wifi alingoja mgeni aondoke. Halafu akamwambia mumewe, "Umewaahidi chumba kimoja watu wawili. Watatu, na Mama."

Kaka akakumbuka ana mahali pa kwenda.

Jumapili, 19 Aprili

Siku thelathini na nne. Nimekata namba 14, ile ya Jumatatu, mbele ya wote, mezani, kwa kisu kilichochemshwa. Wifi alishika sahani.

Imefunga. Rangi moja kutoka ganda hadi katikati, hakuna shimo, hakuna tone. Kipande kilisimama wima chenyewe juu ya ubao.

Mama: "Chumvi imezidi kidogo." Akachukua cha pili.

Wifi alikula akafumba macho, hakunitania. Nikamkatia nusu nzima nikamfungia kwenye kitambaa.

"Hii ni jibini au ni samahani?" akauliza.

"Ni kilo moja kasoro kidogo."

"Basi nitaipokea kwa uzito wake."

Kaka alikula vipande vitano. Nilivihesabu. Akafuta mikono, akasema, "Safi sana. Kweli hii imesimama."

"Kwa hiyo chumba?"

Kila mtu akaacha kutafuna.

"Tutaongea," akasema.

Jumatano, 22 Aprili

Siku tatu nimemngoja aongee. Jumatatu alichelewa kurudi. Jana aliumwa kichwa. Leo alitoka kabla ya chai. Siwezi kukaa, siwezi kusimama, nimefagia uani mara mbili mvua ikinyesha.

Nimeandika barua. Wifi ameisoma, akachukua kalamu akafuta neno "tafadhali". Tumeigongomea kwenye mlango wa chumba cha nyuma, usawa wa macho yake. Nainakili hapa ili asije akasema haikuandikwa hivi.

"Kaka,

Ulitaka jibini moja iliyosimama kabla ya mwisho wa Aprili. Umekula vipande vitano. Rafuni zipo nyingine zaidi ya ishirini, pima yoyote.

Mtego umefungwa kwa bolti, ukuta hauhami. Ndoo ya Mama iko humo. Mwenzako ni mtu mwema na anastahili kujua mapema kama atafute kwingine. Kama unaona haya kumwambia, mkeo atamwambia.

Swali ni moja. Chumba hiki ni changu, au si changu? Jibu ni ndiyo au hapana, kwa mdomo wako, mbele ya Mama, Jumamosi hii tarehe ishirini na tano, saa sita kamili mchana. Mikono iwe nje ya mfuko. 'Tutaona' hatutaipokea, na 'tutaongea' pia.

Saa sita, kaka. Ndiyo au hapana?"